Undugu ni Kufaana: Baba wa Kambo na Mtoto Mwenye Ulemavu

Katika ngano ambazo watoto husimuliwa jioni, mama wa kambo hana sifa njema hata moja. Ndiye anyimaye chakula, ndiye atumaye mtoto kisimani wakati wa giza, ndiye awapaye wanawe nyama na mtoto wa mwenzake mchuzi. Baba wa kambo hatajwi sana katika ngano hizo, lakini barazani husemwa vya kutosha. Mwanamume akioa mwanamke mwenye mtoto, wazee humwambia, "Ukipenda boga, penda na ua lake," na wakiisha kusema hivyo huona wamemaliza kazi ya kumfunda. Mtoto huyo akiwa na ulemavu, methali hiyo haisemwi tena. Badala yake huulizwa swali kwa sauti ya chini: Je, bwana huyu amefikiri vizuri?

Ubaya wa swali hilo ni kwamba linachukulia kuwa mtoto alikuwa salama mikononi mwa damu yake, na sasa ameingia hatarini kwa kuletewa mgeni. Mambo yalivyo ni kinyume mara nyingi. Muuguzi yeyote aliyefanya kazi katika kliniki ya watoto anamfahamu mama ajaye peke yake, mwezi baada ya mwezi, na mtoto mgongoni ambaye shingo yake haijakaza. Akiulizwa habari za baba wa mtoto, hutazama chini. Mtoto alipozaliwa na mgongo wazi, au alipofikisha mwaka bila kukaa, baba mzazi aliita kikao cha ndugu zake, na ndugu zake wakasema kwamba katika ukoo wao hakijapata kuonekana kitu cha namna hiyo. Neno hilo "kitu" halikuteleza ulimini. Baada ya hapo safari za baba zikawa nyingi, na siku moja hakurudi.

Kuna lililo baya zaidi. Katika mashauri ya mauaji na ukatwaji wa viungo vya watu wenye ualbino, mambo yaliyolitia taifa aibu tangu miaka ya 2000, imetokea zaidi ya mara moja kwamba waliofikishwa mahakamani walikuwamo ndugu wa damu. Anayedai kuwa damu pekee ni ngao ya mtoto ana wajibu wa kuyaeleza hayo. Wahenga hawakudai. Walisema kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Na wakasema pia kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ajabu ni kwamba methali hizi mbili hutajwa sana harusini na msibani, ilhali hazitajwi kabisa pale ambapo mwanamume anasimama mlangoni mwa nyumba yenye mtoto asiyeweza kutembea, akiwa tayari kuingia.

Sheria za nchi hazikuwa nyuma katika jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka wazi kwamba mwanamume aliyempokea mtoto asiye wake kuwa mmoja wa watu wa nyumba yake ana wajibu wa kumtunza, iwapo baba na mama wa mtoto huyo wameshindwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ilipoeleza maana ya mzazi, haikuishia kwa yule aliyezaa. Ilimhesabu pia aliyeasili mtoto, na mtu mwingine yeyote aliyekabidhiwa mtoto amlee. Sheria hiyo hiyo ilikataza mtoto mwenye ulemavu kutendewa kwa namna inayomvunjia heshima. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo mbele ya hakimu hoja ya kwamba "huyu si wangu" haina nguvu kama wengi wanavyodhani. Lakini hakimu anaweza kupima chakula, mavazi na dawa tu. Hana mizani ya kupimia jioni. Na ni jioni, baba anaporudi kazini na mlango kufungwa, ndipo mtoto wa kambo hujua kama ana baba au ana mpangaji mwenzake.

Ichukuliwe mfano wa fundi seremala wa mjini Morogoro. Huyu si mtu fulani. Msomaji atamtambua katika mtaa wake mwenyewe, hata kama huko ni fundi cherehani au karani. Ameoa mwanamke mwenye mtoto wa kiume wa miaka tisa aliye na mtindio wa ubongo. Miguu ya mtoto imekaza na kukutana magotini, mkono wake wa kulia haukunjuki sawasawa, na maneno yake hutoka kwa taabu hata wageni wasiyaelewe. Fundi ni mtu mwema. Katika miezi ya kwanza anafanya yale ambayo watu wema hufanya. Anamletea mtoto biskuti. Anamnyanyua kutoka mkekani bila kumwuliza kama anataka kunyanyuliwa. Anasema naye kwa sauti ya kubembeleza kitoto kichanga, na akitaka kujua jambo lolote humwuliza mama yake, mtoto akiwa hapo hapo: "Amekula? Amelala vizuri? Anasikia baridi?" Baada ya miezi sita mtoto hageuzi hata shingo fundi anapoingia, na fundi, kwa uchungu wa kweli, anamwambia mkewe kwamba mtoto hana shukrani.

Hapa ndipo kosa la watu wema linapoonekana. Huruma ni mwanzo mzuri, lakini ikikaa siku nyingi huoza. Mwenye kuhurumiwa tangu asubuhi hadi jioni hana nafasi ya kutoa chochote. Yeye hupokea tu, na anayepokea tu hawezi kuwa ndugu wa mtu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja vilema pamoja na watoto wadogo na wazee wasiojiweza kuwa miongoni mwa wale ambao wanaweza kutegemea jasho la wenzao bila kuitwa wanyonyaji. Ilikuwa kauli ya haki na ya heshima. Lakini wako walioisikia vibaya, wakadhani maana yake ni kwamba mwenye ulemavu hana la kuchangia na wala asiulizwe. Kiswahili chenyewe hakijasaidia sana: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, wote wamevikwa kiambishi kile kile cha kiti na kijiko, ingawa sarufi, kana kwamba imeona haya, huwarudishia utu katika kitenzi.

Mtindio wa ubongo, kwa faida ya wasioujua, hutokana na ubongo kudhurika mtoto akiwa tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au katika miaka yake ya mwanzo. Huharibu mwendo, mkao na matumizi ya viungo. Kwa watoto wengine hugusa na akili. Kwa wengine akili hubaki nzima kabisa, imefungiwa ndani ya mwili usiotii. Kwa bahati mbaya jina hilo hilo hutumiwa na watu wengi, hata baadhi ya walimu, kwa mtoto yeyote mwenye ulemavu wa akili. Matokeo yake ni kwamba mtoto mwenye akili timamu lakini mwenye ulimi mzito huhesabiwa miongoni mwa wasioweza kufundishika, na husikia akihesabiwa hivyo.

Basi fundi wa Morogoro ana jambo lake alipendalo, nalo ni bao. Si mlevi, hafuatilii mpira kupita kiasi, lakini kila siku saa kumi na mbili jioni utamkuta chini ya mwembe na wenzake, amechuchumaa mbele ya ubao. Mkewe ameuchukia ubao huo kama mke mwenza. Siku moja, ama kwa kusuluhisha ugomvi au kwa sababu mvua ilinyesha, fundi anarudi nyumbani na ubao wake na mfuko wa kete, akauweka kibarazani na kuanza kucheza mkono wa kushoto dhidi ya mkono wa kulia. Mtoto anatazama. Siku ya tatu mtoto anatoa sauti. Fundi anadhani anaomba maji. Mama yake anacheka na kumfasiria: "Anasema umekosea. Kete yako ililala shimo lililopita."

Wasiocheza bao hawatatambua uzito wa maneno hayo. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, na kete zake ni 64, ambazo kwa desturi ni komwe. Kila mchezaji ana kete 32. Huanza na kumi tu ubaoni, na 22 zilizobaki huziingiza moja moja katika sehemu ya kwanza ya mchezo iitwayo namua, kabla ya kufikia mtaji. Kete hupandwa shimo kwa shimo, na ile ya mwisho ndiyo huamua: ikianguka mahali pa kula, mchezo unaendelea kuzunguka, ikianguka katika shimo tupu, imelala. Mchezaji hodari huona kete ya mwisho itakapoangukia kabla hajagusa ya kwanza. Mtoto wa miaka tisa aliyejifunza hayo kwa kutazama siku tatu, bila kuambiwa na mtu, amefanya hesabu ambayo wazee wengine wa mwembeni huifanya kwa kunong'ona na kuhesabu vidole.

Kuanzia hapo kazi inakuwa ya ufundi. Kiti chenye egemeo la pembeni kinahitajika ili mtoto asiangukie upande, na ubao wa kuweka miguu ili magoti yasibanane. Ubao mpya unachongwa, wenye mashimo mapana na yenye kina kidogo, ili mkono wa kushoto usio na shabaha uweze kuchota. Kete humwagika. Fundi anajifunza kungoja. Mchezo ambao mwembeni humalizika kwa robo saa, kibarazani huchukua saa nzima, na katika saa hiyo fundi, bila kukusudia, anajifunza lugha ya mtoto: sauti hii ni "imelala", hii ni "nimekula", na hii ya tatu ni dhihaka. Huenda ni mara ya kwanza katika maisha ya mtoto huyo kwamba mtu asiyekuwa mama yake ameelewa neno lake bila mkalimani. Muda wote ambapo fundi alikuwa akimwuliza mama mtu habari za mtoto, lugha hiyo ilikuwapo. Haikuwa na wa kuisikiliza kwa sababu hapakuwa na la kuzungumza.

Jambo moja lisisahauliwe. Baba anayemwachia mtoto ashinde makusudi anamtukana. Mtoto mwenye ulemavu ameachiwa mambo mengi maishani mwake, anajua harufu yake. Akishindwa kwa haki atakasirika, atasukuma ubao, atalia, na kesho atautaka tena. Watoto wote wako hivyo.

Mchezo wenyewe si lazima uwe bao. Kwa mtoto asiyeona, kete hupapaswa; kwa asiyesikia, bao halihitaji neno hata moja; lakini wako wanaopenda kufuga njiwa, kupanda mboga, kufungua na kufunga redio mbovu, kuvua kwa mshipi, kupiga ngoma. Siku hizi wengine hujifunza muziki na picha katika simu. Jijini Kinshasa, wanamuziki waliolemazwa na ugonjwa wa kupooza, wakiishi kwenye maeneo ya bustani ya wanyama na kutembea kwa baiskeli za magurudumu matatu walizojitengenezea, walianzisha bendi ya Staff Benda Bilili. Kiongozi wao, ambaye vijana walimwita Papa Ricky, alimpokea mtoto wa mitaani, Roger Landu, aliyekuwa akipiga chombo alichokibuni mwenyewe kwa kopo, kijiti na waya mmoja. Santuri yao ya mwaka 2009 ilisikika Ulaya nzima, na sinema iliyowahusu ikaonyeshwa Cannes mwaka 2010. Hapo mlezi ndiye aliyekuwa na ulemavu, na aliyelelewa ndiye aliyekuwa na miguu mizima. Na kilichowaunganisha ni kopo lenye waya. Hapa Tanzania pia, timu ya mpira wa miguu ya wachezaji waliokatwa viungo, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia la mwaka 2022 huko Uturuki. Wachezaji wa namna hiyo hawapatikani kwa kuhurumiwa.

Hata hivyo, itakuwa ni kuwadanganya wasomaji kusema kwamba ubao wa bao humaliza mambo. Mtoto huyu hulishwa kwa muda wa saa nzima kila mlo, kwa sababu chakula humpalia. Pengine ana kifafa, na usiku wa kifafa hauna mchezo. Huogeshwa, hubadilishwa nguo, hubebwa. Na kila mwaka unaopita uzito wake huongezeka na mgongo wa mama yake haukui. Mwanamume anayecheza naye saa moja, kisha akanyoosha mkono aletewe maji ya kuoga, amejipatia sehemu tamu ya ubaba na kuiacha ile chungu kwa mwenziwe. Majirani watamsifu sana. Watasema, "Tazama jinsi anavyompenda mtoto asiye wake." Mama, ambaye ameamka mara nne usiku, hatasifiwa na mtu, maana yeye ni mama na hayo ndiyo aliyoumbiwa.

Hapo ndipo swali la starehe linapogeuka kuwa swali la haki. Mwanamke huyu naye alikuwa na lake alilolipenda. Alipokuwa shuleni alikuwa mfungaji wa magoli katika netiboli. Baadaye aliimba kwaya. Tangu mtoto azaliwe, miaka tisa, hajahudhuria zoezi hata moja. Hakukatazwa na mtu. Hakuwapo wa kumshikia mtoto. Shangazi humwogopa mtoto akianza degedege, bibi hana nguvu, jirani ana visingizio. Wanawake wa namna hii hawaonekani katika hesabu yoyote. Uchunguzi wa taifa kuhusu ulemavu wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi walikuwa na ulemavu. Nyuma ya wengi wa watu hao yupo mtu wa pili, kwa kawaida mwanamke, ambaye jioni zake zimekwisha. Mchango mkubwa kabisa ambao baba wa kambo anaweza kuutoa ni kumlisha, kumwogesha na kumlaza mtoto peke yake kila Jumamosi, akijua dawa inawekwa wapi na cha kufanya mtoto akipatwa na kifafa: amlaze ubavu, asimtie kitu mdomoni, atazame saa. Mwanamume anayeweza hayo amekuwa baba. Asiyeweza bado ni mgeni mwenye tabia nzuri.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kisasa, yasiyo na mizizi katika mila za Kiafrika. Na waikumbuke habari ya Sundiata, mwanzilishi wa dola ya Mali, aliyeshinda vita vya Kirina mnamo mwaka 1235. Masimulizi ya magwiji wa Wamandinka yanaeleza kwamba hadi umri wa miaka saba hakuweza kutembea. Mama yake, Sogolon, alipokwenda kuomba majani ya mbuyu kwa Sassouma, mke mkubwa wa mfalme, alidhihakiwa kwamba mwanawe hawezi hata kumchumia mama yake majani, akarudi akilia. Siku hiyo mtoto akaagiza fimbo ya chuma, akajiinua, akaung'oa mbuyu mzima na kuuweka mlangoni pa mama yake. Sehemu hiyo inajulikana sana, kwa sababu inamwonyesha mama wa kambo vile watu wapendavyo kumwona.

Isiyosimuliwa sana ni ile nyingine. Sogolon alipokimbilia uhamishoni na watoto wake alimchukua pia Manding Bory, mtoto wa mke mwingine wa mfalme, akakua pamoja na Sundiata na kuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Katika ua ule ule mmoja walikuwamo Sassouma na Sogolon, na wote wawili walikuwa mama wa kambo. Aidha, yale ya fimbo ya chuma yanastahili kutazamwa kwa uangalifu. Mtoto wa Morogoro hatasimama siku moja na kung'oa mbuyu. Watu wa nyumba yake wakikaa wakingoja muujiza huo, kwa mganga au kwa mhubiri, watazimaliza fedha za kiti cha magurudumu na za mazoezi ya viungo, na mtoto ataelewa kwamba vile alivyo sasa hahesabiwi bado kuwa mtu. Hujafa hujaumbika, walisema wazee. Na fundi anayechezea msumeno wa umeme kila siku ana sababu zake za kuizingatia kauli hiyo.

Jaribu kubwa huja pale mama anapopata mimba ya pili. Mtoto mpya, mwenye miguu inayokimbia na ulimi mwepesi, na aliye damu ya fundi, ataingia katika nyumba ile ile. Ndugu wa fundi, ambao hawakupata kufika, sasa watafika na zawadi. Mmoja wao atasema, "Sasa una mtoto." Jibu ambalo fundi atalitoa wakati huo, mbele ya mkubwa ambaye anasikia kila neno ingawa wageni wanamdhania hasikii, litakumbukwa muda mrefu kuliko michezo yote ya kibarazani.

Kuna na lile la mwembeni. Fundi akiamua kumpeleka mtoto kwa wenzake, atakuta njia ina mtaro usio na daraja pana la kupitisha kiti cha magurudumu. Wachezaji watanyamaza kidogo. Mmoja atampa mtoto shilingi mia mbili, kwa nia njema, kama apewavyo ombaomba. Mzee mwingine atasogea na kumpisha mbele ya ubao, kwa kuwa amekwisha kusikia kwamba kijana anajua namua. Baada ya wiki mbili hakutakuwa na wa kumpa shilingi mia mbili, na watakuwapo wa kumlaumu kwa kuchelewesha mchezo.

Ofisi ya kata, ambako mama yake hufanyia mazoezi ya kwaya Jumamosi, ina ngazi tano mlangoni na haina njia ya mteremko. Ilijengwa baada ya mwaka 2010, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikiwa imekwisha kupitishwa. Mbao za kutosha kutengeneza mteremko huo zimeegemezwa ukutani katika karakana ya fundi, na yeye amekwisha kuzipima. Anachongoja ni ruhusa ya mtendaji, aliyemwambia arudi wiki ijayo.